Mchawi wa Free Area

Jebet aliigiza mchawi anayekunywa damu ya watoto katika filamu iliyopigwa kwa siku tatu huko Longonot, kwa kamera ya kuazima. Wakubwa wa tamasha la filamu Nairobi waliikataa, wakasema inaaibisha sinema ya Kenya. Lakini mtaa wake wote wa Free Area uliitazama kwenye simu, na tangu hapo mama mboga akawa anamwekea sukuma chini, asije akamgusa mkono.

Jumanne mchana mtoto wa jirani akapotea. Kufikia saa nane watu walikuwa wamejaa kwenye geti la Jebet, mawe mkononi. Mbele yao alisimama Kipruto, aliyewapaka vipodozi waigizaji wa filamu ile.

"Kipruto, waambie," Jebet alimsihi. "Si ni wewe ulikoroga ile damu na rangi ya keki?"

Kipruto akaangalia chini. "Ya kwanza nilikoroga mimi. Ya siku ya mwisho sijui ulitoa wapi."

Alikuwa anadanganya. Chupa zote alizijaza yeye, ila aliogopa kusimama upande wa Jebet.

Saa tisa mtoto akapatikana amelala kwa shangazi yake. Watu wakatawanyika bila kusema pole, na wengi waliondoka na mawe yao. Jebet akaingia ndani, akaanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye begi.