Mstari wa Kumi na Nne

Sipendi watu wanaofungua programu mbili kufanya kazi ya moja. Naliweka hili mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa namna gani.

Ofisini kwetu Busia, juu ya duka la magodoro, tulikuwa watatu: Madam Justine mwenye kampuni, mimi Patroba, na Clifford. Tulitengeneza mfumo unaoitwa Zizi. Daktari wa mifugo akimdunga ng'ombe sindano, huku Kenya au ng'ambo Tororo, Uganda, anaandika kwenye simu yake, na mfumo wetu unamtumia mwenye ng'ombe meseji: mnyama wako amedungwa sindano ya ndigana, maziwa yake yasinywewe na mtu kwa siku saba. Hiyo ndiyo kazi yote.

Kati ya simu ya daktari na seva yetu pana mlango, na sisi wa kazi hii tunauita API. Ombi linaingia, jibu linatoka. Kabla ya kumwachia daktari mlango huo, lazima tupige hodi wenyewe tuone unajibu nini. Jibu likija na namba 200, mambo ni sawa. Likija na 500, siku hiyo hakuna anayeshuka kwenda kula.

Ugomvi wangu na Clifford ulihusu namna ya kupiga hodi.

Mimi nilipiga kutoka ndani ya editor, palepale ninapoandikia programu. Nilikuwa na faili moja ya maandishi matupu. Kila ombi lilikuwa humo wazi: anwani, namba ya simu, jina la ng'ombe. Unabonyeza, jibu linatokea upande wa kulia, unaendelea na maisha yako. Faili hiyo inatunzwa pamoja na programu yenyewe, na kila mstari unakumbuka nani aliuandika na lini. Ukiweka kishale kwenye mstari, jina la mwandishi linatokea pembeni kwa maandishi hafifu. Nilizoea kusema kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwamba mtu hawezi kujificha. Nilisema hivyo kwenye mikutano, mara nyingi tu.

Clifford alitumia programu nyingine ya pembeni, kubwa, yenye vitufe na rangi, inayokaa dakika nzima kabla ya kufunguka na kisha inadai nywila. Juu kwenye kona ilikuwa na kidirisha cha kuchagua: "majaribio" au "kweli". Kwenye "majaribio" meseji inakwenda tu kwa namba uliyoiandika mwenyewe; ukisahau kidirisha hicho, mchezo wako unawafikia wafugaji. Mwezi wa sita Clifford alisahau. Mfugaji mmoja wa Nambale akaarifiwa kwamba ng'ombe wake aitwaye Asdfgh amedungwa sindano. Tangu hapo nilimkumbusha kila Jumatatu, bila chuki.

"Bro, mimi nikiona vitu na macho ndio naelewa," alikuwa akisema. "Hiyo file yako ni kama kusoma risiti."

"Risiti haisahau," nilimjibu.

Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, miezi tisa, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa. Mkewe Sylvia alikuwa na mimba kubwa, na tayari walishahama kutoka chumba kimoja kwenda vyumba viwili kwa kutegemea kazi hii. Nilijua yote hayo kwa sababu aliongea sana huku akisubiri programu yake ifunguke.

Jumanne asubuhi akaja mama mmoja. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, amevaa gomesi ya kwenda kanisani, mkononi ana kadi ya chanjo yenye anwani yetu na simu iliyozima. Alisema anaitwa Apolot, anatoka Kwapa. Alikuwa amepanda boda hadi Tororo, akachukua gari hadi Busia, akavuka mpaka kwa miguu.

"Nakuja juu ya ng'ombe yangu," alisema. "Nataka mnaniambia ukweli. Inakufa lini?"

Madam Justine akamvutia kiti na kumpokea simu, akaiweka kwenye chaja dirishani. Akaagiza chai ya thamosi kutoka hoteli ya chini. Mama Apolot akaangalia kikombe, akakisukuma taratibu.

"Pole, madam. Kama iko chai kavu, mimi nachukua hiyo."

"Hunywi maziwa, mama?"

"Napenda sana. Lakini kwa nyumba watoto wanakunywa kavu tangu mwezi ya tatu. Sasa mimi nakaa hapa nakunywa na maziwa aje?"

Akaeleza. Mwezi wa tatu madaktari walifika Kwapa wakadunga ng'ombe wake sindano na kumwambia asubiri meseji kwenye simu. Meseji ikaja: maziwa yasinywewe na mtu kwa siku saba. Akatii. Akahesabu siku. Kabla hazijaisha ikaja nyingine, siku saba tena. Kisha nyingine. Siku nyingine zilikuja nne, siku nyingine sita. Jumapili zilipumzika. Alimwambia mjumbe, naye akamwambia serikali inajua inachofanya. Wajukuu zake watano walikuwa hawajaonja maziwa kwa miezi minane. Ndama ndiye aliyekunywa yote.

"Hiyo ndama sasa ni kubwa kama mama yake," alisema. "Jirani wanakataa ng'ombe yangu inakula majani pamoja na zao. Wanasema mgonjwa wa kudungwa kila siku, hiyo ni ugonjwa gani? Kijana yangu Okia anasema tuchinje. Mimi nikasema ngoja, nakwenda nauliza mwenye simu."

Chini, mtu alikuwa anapiga godoro kumwonyesha mteja kwamba halina vumbi.

Madam Justine alikuwa mtu wa kuinua sauti mara moja kwa mwaka, na safari hii hakuinua. Alifungua orodha ya meseji zilizotoka. Ilionyesha tu kwamba zilitoka ofisini, siku za kazi, saa za kazi.

"Ni nani?" akauliza.

Nilijibu upesi kuliko nilivyoulizwa. "Ni kile kidirisha cha Clifford."

Clifford alikuwa amekodoa macho kwenye kioo chake. "Inaweza kuwa mimi," alisema. "Manze, sikumbuki. Siku zingine naacha iko kwa kweli nikienda lunch. Inaweza."

"Miezi minane, Clifford?" Madam akauliza. "Watoto watano?"

"Pole, mama," Clifford alimwambia Apolot. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Pole sana, mama."

"Patroba," Madam Justine akasema, "niandikie ripoti. Nani, lini, mara ngapi. Saa sita iwe kwa meza yangu. Clifford, kandarasi yako sitaisaini. Ijumaa tunaachana vizuri."

Akaniandikia namba ya simu ya mama kwenye karatasi, ile ya Uganda, inayoanza na 256. Clifford akachomoa chaja yake ukutani na kuanza kuizungusha waya, mzunguko baada ya mzunguko, kwa uangalifu mwingi ambao chaja haikuuhitaji.

Nilikwenda kwenye meza yangu nyuma ya kabati. Sitasema uongo, nilijisikia vizuri. Niliandika kichwa cha ripoti: Madhara ya kutumia programu za nje ya editor. Kisha nikataka kuonyesha, kama mtu makini, kwamba namba ile haimo popote kwenye kazi yetu safi. Nikaiandika kwenye kisanduku cha kutafuta.

Tokeo moja. Faili: maombi ya majaribio. Mstari wa kumi na nne.

Pembeni ya mstari, kwa maandishi hafifu: Patroba, miezi kumi na moja iliyopita.

Niliisoma namba ile tarakimu kwa tarakimu, kwenye karatasi na kwenye kioo. Nilikuwa nimeangalia mstari huo kila siku ya kazi tangu mwezi wa kumi na mbili, na nilipoiona namba kwenye karatasi sikuitambua, kwa sababu hakuna anayejua namba yake mwenyewe ya ng'ambo.

Ilikuwa yangu. Mtu wa mpakani ana laini mbili, moja ya kila upande. Ile ya Uganda niliinunua kwa ajili ya msichana aliyekuwa anafanya kazi Tororo, Maggie. Maggie aliponiacha, laini ikabaki kwenye droo, ndani ya simu iliyokufa betri. Nilipohitaji namba ya majaribio nikaiweka hiyo, kwa sababu sikutaka meseji za ng'ombe zijaze simu yangu ya kila siku. Na laini ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu inaichukua na kumpa mtu mwingine. Kila mtu Busia anajua hivyo. Shemeji yangu ilimpata, na nilimcheka.

Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu, kila nilipobonyeza nikapata 200 yangu na kuendelea na maisha, kule Kwapa mama huyu alikuwa anaanza kuhesabu siku saba upya. Clifford hakuwahi kumtumia hata moja. Programu yake haikuwa na namba hiyo, alikuwa anatumia namba ya Sylvia, na Sylvia alikuwa anamgombeza kila jioni kwa sababu ya ng'ombe wasiokuwepo.

Nikaweka kishale mwisho wa mstari wa kumi na nne na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Nikifuta, kumbukumbu bado ingebaki ndani, lakini katika ofisi ile mtu pekee aliyejua kuisoma kumbukumbu hiyo nilikuwa mimi. Sitasema kwamba sikulifikiria. Nililifikiria vizuri, dakika nne hivi.

Simu ya mama ilikuwa imepata chaji. Nikamsikia Madam Justine akisoma meseji upande wa pili wa kabati. "'Ng'ombe wako Maggie amedungwa sindano ya ndigana.' Maggie? Clifford, Maggie ni nani?"

"Sijui Maggie yeyote, madam."

"Hata hilo unakataa?"

"Ni jina ya ng'ombe," Mama Apolot akasema, kwa sauti ya kumtetea. "Kwanza haikuwa na jina. Simu ndiyo ilimpa. Sasa ukiita Maggie, inakuja."

Niliona aibu. Ilianzia masikioni ikashuka. Nikafuta kichwa cha ripoti, nikabeba laptop ikiwa wazi, nikaizunguka kabati.

"Madam, ni mimi," nikasema. "Mstari wa kumi na nne. Jina langu liko hapo pembeni."

Nikaeleza yote, pamoja na Maggie, ambaye ilikuwa lazima nimweleze. Madam Justine aliinamia kioo, akasoma mstari, akasoma jina.

"Clifford," akasema, "rudisha chaja kwa ukuta."

Clifford aliirudisha. Kisha akaja kusimama nyuma yangu na kuangalia faili, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Bro," akasema polepole, "miezi nane, si ungeangalia hiyo simu hata mara moja?"

"Niliangalia jibu."

"Jibu lilisema nini?"

"Mia mbili."

Hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka.

"Ripoti bado naitaka saa sita," Madam Justine aliniambia. "Na kandarasi ya Clifford nitaisaini leo, nisingoje Ijumaa. Yako ndiyo tutaongea Ijumaa."

Nikamgeukia Mama Apolot na kupiga magoti kidogo, jambo ambalo sikulipanga. "Mama, ng'ombe wako ni mzima. Alidungwa mara moja tu, mwezi wa tatu. Makosa ni yangu. Maziwa ni mazuri, mnywe. Nisamehe."

Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtoto mzuri, nakusamehe. Lakini mimi narudi Kwapa na maneno ya mdomo? Okia atakataa. Jirani watakataa. Simu ndiyo ilisema usikunywe. Simu iseme tena."

Basi nikakaa sakafuni, laptop magotini, nikaandika ombi jipya chini ya yale ya zamani. Clifford aliinama akisoma kila neno kwa sauti, na kwenye anwani akanisimamisha akaniuliza kama nina uhakika naelekea seva ya kweli. Nikaangalia tena. Nilikuwa naelekea ya majaribio, ambayo ingemfikishia meseji lakini isingegusa rekodi ya ng'ombe wake. Nikasahihisha, bila kusema asante, kisha nikasema.

Nikabonyeza. Upande wa kulia ikatokea 200. Safari hii sikuiangalia. Niliangalia simu ya mama kwenye dirisha, na sote wanne tukaiangalia, hadi ikatetemeka.

Mama Apolot aliisogeza mbali na macho, akasoma taratibu, midomo ikitembea. Ng'ombe wako Maggie ni mzima. Maziwa yake yanywewe kuanzia leo.

Alipiga nyumbani kwanza. Aliongea Kiteso kwa sauti ya juu, na tulichoelewa ni jina la Maggie na kelele za watoto upande wa pili. Akakata simu, akaiweka mfukoni, akanyoosha mkono kuelekea thamosi.

"Sasa," akasema, "nipe ile ya maziwa."

Nilimmiminia mwenyewe, nikamwaga kidogo mezani. Aliifuta kwa kidole na kukilamba.