Moja au Mmoja

Timu yetu ina viongozi wenye akili sana. Nasema hivyo kwa sababu mtu asiye na akili hawezi kuharibu kitu kwa ufundi kama ule. Mwaka jana walimsajili winga waliyemwona kwenye simu, video sita, zote anakimbia. Akaja, na kweli anakimbia, ila mpira hana habari nao. Anauacha nyuma, anafika kwenye kibendera cha kona, ndipo anageuka kuutafuta. Kabla yake walileta beki wa kati, wakamtangaza kwa jina la Ukuta. Ukuta ukapitwa na kila mtu hadi mwamuzi. Kocha akiulizwa anasema tunajenga timu. Hilo jengo nilianza kulisikia mwanangu hajaota meno. Sasa ana mke, na msingi bado haujakauka.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho duka, cha nyuma ndicho karakana, na katikati kuna ubao ambao seremala aliniapia kuwa haupitishi sauti. Huyo naye wangemsajili tu. Tunashona sare za shule, mimi na mke wa mwanangu. Namwita Mkwe, ananiita Mama. Mimi nakata na kuunga, yeye yuko kwenye ovaloki, ile mashine inayoziba kingo za kitambaa zisifumuke, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu, ingawa sijamwambia asije akavimba kichwa.

Mpira haujui. Nimemfundisha maana ya kuotea mpaka nimechoka, bado anadhani mchezaji aliyeotea amebahatisha na anastahili pongezi. Kwenye timu nzima anamjua mtu mmoja tu, kipa wetu, tunayemwita Babu kwa sababu ya umri wake. Anamjua kwa kuwa simpi nafasi ya kumsahau. Mwaka tulioshuka daraja, wenzake wote walifungasha virago kabla msimu haujaisha vizuri. Babu alibaki. Sasa magoti yanalia, krosi za juu anaziangalia kama mtu anayeaga wageni, na mimi nasema kila siku, Babu haachwi. Mkwe hunijibu kutoka nyuma ya ubao, "Haachwi, Mama," na mashine inaendelea.

Kuna jambo moja niliseme ili nieleweke. Mkwe aliingia nyumbani kwangu mwaka uleule ambao namba tisa wetu, mshambuliaji, aliingia kwenye timu, ni miaka minne sasa. Mtoto bado. Walikwenda hospitali, wakaambiwa wote ni wazima, wasubiri. Mimi sikuwahi kuuliza hata siku moja. Wanaouliza ni wateja. Mtu anakuja kuchukua sketi ya mwanawe, anamtazama Mkwe tumbo kabla hajatazama pindo.

Namba tisa naye ana kesi yake. Mabao ya kawaida anafunga, sikatai, tena dhidi ya timu ambazo hata mimi na nyonga yangu mbovu ningezifunga. Lakini mechi na majirani zetu, ile ambayo ukishindwa hutoki nje wiki nzima, miaka minne yote hajafunga.

Siku dirisha dogo la usajili lilipokuwa linafungwa, kaka yangu alinipigia simu mchana. Huyu ndiye mjomba wa mwanangu, ndiye aliyepeleka posa ya Mkwe, na ndiye mtu pekee wa ukoo wetu mwenye ugonjwa wa timu kama mimi. Tukaanza na mechi ya majirani, tukahamia kwa namba tisa. Mkwe alikuwa uani anaanika mashati. Akaingia karakana bila mimi kujua, na mimi nikishika simu hupaza sauti kama vile mtandao unatembea kwa nguvu za koo langu.

"Kaka, msimamo wangu ni uleule," nikasema. "Aachwe. Huruma ya nini? Miaka minne hajatupa hata moja. Tumemlea, tumemvumilia, kila mwaka mnaniambia tusubiri mwakani. Yupo mwingine, kijana, ana nguvu zake, nimemwona kwa macho yangu. Huyu arudishwe kwao kwa heshima, tusigombane na mtu."

Nikaridhika sana na hotuba yangu. Nikakata kola mbili, nikamwita Mkwe tunywe chai. Kimya. Nikaenda nyuma. Ovaloki imefunikwa kitambaa chake, mkasi umefungwa, futi ya kupimia imekunjwa juu ya meza. Mashati yote ya siku ile yalikuwa yamekwisha. Nikajua ametoka kununua uzi.

Jioni mwanangu akarudi kutoka kazini. Ni fundi umeme, mtu mpole, mpira kwake ni kelele za majirani. Hakukaa.

"Mama, leo umeongea nini na Mjomba?"

"Mambo ya maana. Nimemwambia aachwe."

Akanitazama kama nimemkanyaga. "Umemwambia hivyo kwa mdomo wako?"

"Na nitarudia. Nyie mnamwonea huruma, mimi simwonei. Kazi imemshinda."

"Mama, yule ni mke wangu."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nikamuuliza mke ameingiaje kwenye habari za namba tisa. Naye akaniuliza namba tisa ni nani. Unaona hasara ya kuzaa mtoto asiyefuata mpira? Angekuwa shabiki angemaliza kesi palepale kwenye simu. Badala yake alikuwa amempigia mkewe, akaambiwa yuko kwa dada yake na asimsumbue, mama yako ameshanitafutia mbadala. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi na hata sikujua nimeanguka.

Tukaenda. Dada yake Mkwe ni mwalimu wa Kiswahili, nyumba yake iko mtaa wa pili, na alitupokea mlangoni mikono imefungwa kifuani. Mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, macho yamevimba. Hakunisalimia. Miaka minne hajawahi kuniona bila kunisalimia, na iliniuma kuliko nyonga.

"Mwanangu," nikasema, "nilikuwa nazungumzia mpira."

"Mpira ndio unarudishwa kwao kwa heshima?" akauliza dada mtu.

Nikaona maneno yangu hayatoshi, niite shahidi. Nikampigia kaka yangu, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. "Kaka, hebu sema mchana tulikubaliana nini." Naye, Mungu ampe maisha marefu ili nipate muda wa kumlipiza, akajibu kwa furaha, "Si tulikubaliana aachwe? Na yule mpya, nasikia anafika kesho."

Mkwe akafunika uso. Mwanangu akasema, "Mjomba, nyamaza kidogo." Mjomba akanyamaza, ila simu hakukata.

"Nilisikia kwa masikio yangu," Mkwe akasema. "Ulisema miaka minne hajatupa hata mmoja."

"Moja," nikasema.

"Mmoja, Mama. Nilikuwa nyuma ya ubao."

"Moja. Hata moja. Bao moja la kuwafunga majirani. Mungu wangu, kwa nini niseme mmoja?"

Dada mtu akanyanyua mkono. Nadhani ndivyo anavyonyamazisha darasa. "Bao liko kwenye ngeli ya LI na YA. Hata moja. Mtoto yuko kwenye ngeli ya A na WA. Hata mmoja. Mama, rudia ulivyosema, kwa sauti ileile."

Nikarudia. Mtu mzima, mvi kichwani, nasimama sebuleni kwa watu natahiniwa ngeli. Akanitaka nirudie tena. Kaka yangu naye kutoka kwenye simu akasema, "Mimi nilisikia moja, mwalimu." Dada mtu akamgeukia mdogo wake, mikono ikalegea. "Ni moja," akasema. "Ile m umeiongeza wewe."

Nikadhani yamekwisha. Nikanyoosha mkono nimpokee mkoba. Mkwe hakuutoa.

"Sawa, ilikuwa moja," akasema. "Lakini kwa nini niliamini haraka hivyo? Kila siku nakusikia, Mama. Huyu aachwe, huyu auzwe, huyu arudishwe kwao. Watu wana miguu, wanajitahidi, bahati haijaja tu. Siku nyingine ukisema mmoja, itakuwaje?"

Mwanangu akaangalia sakafu. Dada mtu akaniangalia mimi. Nikamkumbuka Mkwe mwaka ule nilipovunjika nyonga. Binti zangu wawili walinitumia pole kwa simu, na picha ya maua. Mkwe ndiye aliyeniogesha, akanigeuza kitandani, akashona sare za shule nzima peke yake, na akanisomea matokeo ya mechi kutoka kwenye gazeti huku akitamka majina yote vibaya.

"Wewe si namba tisa," nikasema. "Wewe kwangu ni Babu. Uzae kumi, usizae hata mmoja, mmoja, nimetamka vizuri, wewe ndiye uliyebaki nilipoanguka. Nakupenda kuliko hawa niliowazaa, na mmoja wao huyu hapa anasikia. Na Babu haachwi."

Mdomo wake ukaanza kulegea, kidogo tu, kama mtu anayekaribia kucheka. Ndipo simu ikakohoa.

"Dada," kaka yangu akasema, "samahani. Wametangaza redioni sasa hivi. Namba tisa wamemwongezea mkataba. Babu ameachwa. Uongozi unamshukuru na kumtakia kila la heri huko aendako."

Mkwe akanitazama. Alikuwa anasubiri, na nilijua anasubiri nini, maana miaka yote anajua timu ile ni nini kwangu. Niliirithi kwa baba yangu. Nimeililia mvuani. Skafu yake ndiyo niliyojifunga siku ya kumwozesha mwanangu, kwenye picha inaonekana.

"Kaka," nikasema, "wafikishie hao wenye timu yao. Nawashukuru, na nawatakia kila la heri huko waendako."

"Unamaanisha nini?"

"Wamemwacha Babu. Mimi nimewaacha wao. Kata simu, unanimalizia salio."

Mkwe akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama, akampa mumewe mkoba aubebe. Njiani alinishika mkono upande wa nyonga mbovu mpaka nyumbani.

Jumamosi ilikuwa mechi na majirani. Redio sikuiwasha. Skafu nilimpa Mkwe akafutie vumbi la ovaloki, na akaifutia kwa adabu sana, nikaona. Tulikuwa kwenye sketi za bluu mtaa ulipolipuka kwa shangwe. Mkwe akatoka mlangoni, akaulizauliza, akarudi kwenye mashine yake na futi shingoni.

"Namba tisa amewafunga majirani," akasema.

Nikaendelea kutunga uzi kwenye sindano. "Mimi habari hizo sina haja nazo. Mangapi?"

"Moja," akasema polepole, nisije nikasikia vingine.

Nikamwambia siku zote nilisema mtu yule avumiliwe. Akacheka mpaka ovaloki ikala ukingo wa sketi, ikabidi tukae wote wawili tuifumue.