Nyuzi Sitini

Idarani walimwita Bi Nyuzi, kwa sababu ukimsalimia tu atakuanzishia habari za pembe na nyuzi zake. Kwa miaka mitatu alikuwa amekaa chumba cha mwisho cha korido, chenye dirisha lisilofunga vizuri, akichambua miale ya eksirei kutoka nyota moja: nyota iliyokwisha kufa, ikajikunja hadi ikawa ndogo kama mji, lakini yenye sumaku ya kutisha.

Setilaiti iliyoitazama ilikuwa na vigunduzi vitatu, vyombo vya kunasa miale. Kila mwale ulioingia uliacha mkwaruzo mdogo, kama unywele uliopinda. Ukikusanya mikwaruzo laki kadhaa, unajua mwanga ulikuwa ukitetemeka kuelekea upande gani. Bi Nyuzi aliona kwamba miale hafifu ilitetemeka upande mmoja, na miale mikali upande mwingine kabisa. Kwenye nyota ile hakuna aliyekuwa ameliona hilo kabla yake.

Mkuu wa idara alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuonyeshwa, mezani kwake, baada ya chakula cha mchana. Tofauti ilikuwa nyuzi sitini, lakini Bi Nyuzi alimweleza kwamba hesabu haijaisha. Vigunduzi vyenyewe huwa na mwelekeo wao wa uongo, hasa kwa miale hafifu, na alikuwa bado hajauondoa. Shemeji alikuwa ameshainamia namba, hasikii.

Miezi miwili baadaye dada alimletea bahasha. Mumewe aliomba amsahihishie lugha. Ndani kulikuwa na makala kuhusu nyota ile ile, mwandishi mmoja, shemeji. Jina la Bi Nyuzi lilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, "kwa msaada wa kompyuta".

Alimfuata ofisini. Shemeji alimvutia kiti, akamweleza kwa upole kwamba jina kubwa ndilo linalofungua milango, na zamu yake itafika. Dada naye alimsihi anyamaze. Hakutaka ndoa yake iingie mashakani kwa sababu ya karatasi.

Akanyamaza. Akaenda kuisoma makala yote, na kwenye ukurasa wa tano akasimama. Nyuzi sitini. Shemeji alikuwa amechukua faili la zamani. Bi Nyuzi alikuwa ameshaondoa ule mwelekeo wa uongo, na tofauti ya kweli ilikuwa tisini, kama wanafizikia wengi walivyotarajia. Lakini shemeji alikuwa ameandika kurasa sita nzima kueleza jinsi sitini yake inavyopindua kila walichokiamini.

Neno moja lingemwokoa. Bi Nyuzi alirekebisha mikato yote, akanyoosha sentensi mbili zilizolegea, akairudisha bahasha kwa mkono wa dada yake. Siku hiyo alikula vizuri kuliko wiki zote zilizopita.

Makala ilipochapishwa, kongamano la kuijadili lilifanyika asubuhi, ukumbi umejaa. Shemeji alizungumza kwa kujiamini, na watu walipiga makofi. Dada yake alikaa mstari wa mbele. Muda wa maswali ulipofika, Bi Nyuzi alinyoosha mkono, akasimama.

"Ule mwelekeo wa uongo wa vigunduzi," alisema, "uliuondoa kabla ya kupima au baada?"

Shemeji alijibu kwamba bila shaka uliondolewa. Bi Nyuzi akaomba wauone mchoro wa kabla na wa baada. Shemeji alifungua faili hili, akafungua lile. Mzee mmoja aliyeshiriki kuvijenga vigunduzi hivyo akaomba mchoro huo huo. Shemeji alifuta uso kwa leso, akamtazama Bi Nyuzi.

"Tusaidie hapo, shemeji."

"Mimi ni wa msaada wa kompyuta tu," alisema, na akakaa.

Kuna watu walicheka. Yule mzee hakucheka. Alihesabu mwenyewe kwenye karatasi, akatangaza kwamba sitini ile haiwezi kusimama. Makala iliondolewa kabla ya mwezi kwisha. Uchunguzi ulionyesha faili lilitoka kwenye kompyuta ya nani, na shemeji akavuliwa ukuu wa idara. Ya Bi Nyuzi ilichapishwa, na nyuzi zake tisini, na jina lake peke yake.

Dada alimjia chumbani kwake, kule mwisho wa korido. Hakukaa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponiletea bahasha."

"Na ukanipa mimi nimrudishie."

"Nilikupa."

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa amekosea nyumba, akatoka. Huu ni mwezi wa nane hawajasemezana. Mama yao humpigia simu kila Jumapili, na kila mara humwuliza kama anajuta. Bi Nyuzi humjibu kwamba kwa shemeji, hata chembe. Kuhusu dada, hubadilisha mazungumzo.