Mgeni Aliyekuja na Simu

Simu ilifika kijiji cha Waidrali, huko Fiji, kwa meli ya Jumanne, ndani ya kopo la biskuti, imeviringishwa kwenye taulo pamoja na paketi mbili za majani ya chai. Mpwa wa Akanisi aliinunua Suva, mji mkuu, kwenye kibanda cha simu za mitumba zinazotoka Australia. Kioo kilikuwa na ufa pembeni, betri ilikuwa nzima. Akanisi aliipangusa, akaenda nayo mpaka ukumbi wa kijiji, maana tangu kimbunga kiangushe mnara hakuna simu ya kawaida iliyopigika kisiwani. Kulikuwa na dishi moja tu la mtandao juu ya paa la ukumbi, na kijiji kizima kilizungumza na ndugu wa mbali kwa programu moja tu ya video.

Binti yake, Lavenia, alikuwa Mildura, Australia, akipanga zabibu kwenye maboksi, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili. "Ukipata simu, Mama," alikuwa amesema, "mtoto utamwona siku hiyo hiyo atakayozaliwa." Hilo tu ndilo Akanisi alilolitaka mwaka ule. Kimbunga kilichukua shamba lake lote na wala hakulililia.

Akaandika jina lake. Programu ikakaa kidogo, ikajibu: "Kifaa hiki kimefungiwa kabisa kwa kukiuka masharti. Unaweza kukata rufaa." Akakata rufaa. Ikajibu: "Rufaa yako inashughulikiwa. Tunashukuru kwa uvumilivu wako."

Aliporudi nyumbani, jua likizama, alimkuta mzungu ameketi mkekani karibu na mlango, upande wa chini, wanakokaa wageni wasio na cheo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, na kwenye kifundo cha mkono alikuwa na ukanda wa plastiki ulioandikwa Neville Tranter. Alizungumza Kifiji kibovu kidogo, cha mtu aliyejifunza baada ya kufa.

"Samahani, mama. Simu ikienda mahali, na mimi naenda."

"Umekula?"

"Sili tena. Chai nitanusa."

Akanisi akampa chai. Akampa na shuka la marehemu mumewe ajifunge, kwa ajili ya ule mgongo.

Asubuhi yake Vasiti, binamu yake wa utani, akapita dirishani. "Wewe mjane, mbona kuna mwanamume mlangoni kwako? Siku hizi makopo ya biskuti yanaleta na waume?"

"Na wewe agiza lako."

"Nitaagiza. Ila mimi nataka aliye hai."

Vasiti akacheka mpaka akashika dirisha, kisha akamwazima simu yake mwenyewe. Akanisi aliuona uso wa Lavenia, umevimba kidogo mashavuni, kabla programu haijamkatiza: simu ya Vasiti ilionekana ikitumiwa na mtu aliyefungiwa, hilo lilikuwa onyo la kwanza na la mwisho. Tangu hapo, kila Akanisi alipokaribia ukumbi, betri za watu zilikuwa zimekwisha chaji. Hakuna aliyemnyima simu. Ni chaji tu.

Mgeni haulizwi kilichomleta, kwa hiyo Akanisi alingoja mpaka Jumamosi.

"Neville, ulifanya nini?"

"Nilikuwa fundi wa majokofu huko Toowoomba," Neville akasema. "Simu hii niliinunua kwenye duka la vitu vilivyotumika. Niliikuta imefungiwa. Nikaugua. Dada yangu alikuwa Perth, na namba yake ilikuwa ndani ya hiyo programu, kichwani sikuwa nayo. Nikakata rufaa. Wakasema inashughulikiwa. Nikafa Alhamisi."

"Wakajibu?"

"Bado inashughulikiwa."

"Na aliyekutangulia?"

"Jikoni kwangu alikuwa akikaa mama mmoja wa Manila. Naye alisema si yeye aliyekosa. Nilipokufa, akanipisha."

Akanisi hakuuliza Neville mwenyewe atampisha nani. Alikwenda kumenya mihogo, akaimenya kidogo kidogo.

Shemeji yake, Waisale, msemaji wa ukoo, ndiye aliyepata dawa. Kosa likifanyika, alisema, ukoo hubeba jino la nyangumi, hupiga magoti mbele ya waliokosewa na kuomba radhi. Haiulizwi nani hasa alifanya nini, kwani kuuliza ni kuchokonoa kidonda. Kosa huzikwa, watu hunywa kava, kile kinywaji cha mizizi, mambo yanaisha. Ndivyo walivyomaliza ugomvi wa mipaka, na ule wa binti aliyetoroshwa.

"Wale hawako hivyo, bwana," Neville akasema kutoka mlangoni.

"Hakuna asiyelainika kwa jino la nyangumi," Waisale akajibu. "Wewe kaa vizuri, funga shuka lako. Unaombewa na wewe."

Fomu ya rufaa ilikuwa na nafasi ya kuambatisha video. Wakaiegemeza simu kwenye bakuli la kava, uso wake ukiwaelekea, kwa kuwa ndiyo iliyosimama mahali pa kampuni. Waisale akapiga magoti, jino limelala kwenye viganja vyake, kamba yake ikining'inia.

"Sisi watu wa Waidrali," akasema, "na huyu aliyeketi mlangoni, na Lavenia aliye mbali, na huyo atakayezaliwa, tumekosa. Tunainamisha vichwa vyetu. Kosa letu lizikwe."

Akangoja jibu la wapokeaji. Simu haikusema kitu, basi Vasiti akapiga makofi mazito ya viganja kwa niaba ya kampuni. Akanisi alilia aliposikia mtoto ametajwa. Aliona mwili wake mwepesi, kama mtu aliyetua kuni. Akabonyeza kutuma.

Mkeka haujakunjwa, jibu likaja. "Asante kwa kukiri. Tumewatambua washirika. Vifaa vyote vinavyotumia mtandao huu, pamoja na akaunti zote zinazohusiana, vimefungiwa kabisa."

Vilikuwa vifaa hamsini na kimoja, bila kuhesabu simu ya Lavenia.

Hakuna aliyemlaumu Akanisi. Waisale alilirudisha jino ukutani, akasema maneno yalikuwa mazuri, na maneno mazuri hayarudishwi nyuma. Vasiti akaja dirishani kama kawaida lakini hakutania, na hilo lilimuuma Akanisi kuliko matusi. Jioni iliyofuata mkeka wa mlangoni ulikuwa mtupu.

Barua ya Lavenia ililetwa na meli baada ya wiki saba. Mtoto alikuwa wa kike, mzima. Picha zake zote zilikuwa ndani ya programu, na programu haifunguki. Alipotaka kumwandikisha kliniki kwa simu, jina la mtoto lilikataliwa: anahusiana na waliofungiwa. "Na kuna mzungu," aliandika, "amekaa miguuni pa kitanda chake tangu siku aliyozaliwa, amejifunga shuka la Baba. Anasema mnajuana. Hasumbui. Nesi amempa kiti."

Neville alirudi Waidrali Alhamisi ile. Sasa alikuwa na nyumba mbili, maana marufuku ilikuwa na nyumba mbili, na alizigawa siku zake kwa haki. Akanisi alimwandalia chai. Hakumuuliza habari za rufaa.

"Ana nywele?"

"Nyingi. Zimesimama."

"Macho?"

"Ya kwako. Akikasirika, ni wewe kabisa."

Kila Alhamisi alikuja na kitu: ameshika kidole, ameinua shingo, amekohoa siku mbili, amepona. Akanisi alisikiliza akiwa amekaa wima, mikono mapajani, na baadaye alimhadithia Vasiti yote kama aliyeyaona mwenyewe. Mtoto alipofika wiki ya kumi na nne, Neville hakungoja hata chai.

"Ameanza kucheka, mama."

"Anachekaje?"

Neville alifikiri. Alikuwa mtu mzima, fundi, na marehemu, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kucheka sana. Akakohoa kidogo, akajaribu. Ilitoka sauti nzito na kavu, imekatika katikati.

Akanisi alifumba macho, akamwambia arudie.