Mikono Mfukoni

Mtaani kwetu wananiita Grisi, na kwa hilo sijawahi kumgombeza mtu, ingawa kwa mambo mengine nagombana nao sana. Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu ni uani kwangu, kati ya mlango wa jikoni na kamba ya kuanikia nguo. Hebu fikiria mwenyewe: huku injini inatapika oili, huku mashuka meupe ya watu. Ndoa yetu imesimama kwa sababu mke wangu aliweka sheria, na mimi mbishi wa kutupwa nikakubali kutawaliwa.

Ovaroli haivuki kizingiti, inavuliwa nje na kutundikwa kwenye msumari wake. Viatu vya kazi vinalala huko huko nje. Chini ya gari natandika maboksi, na oili ikidondoka naimwagia maranda ya mbao, nafagia. Kabla sijashika spana nakwaruza kipande cha sabuni mpaka kucha zote zijae, uchafu ukija ukute nyumba ina wapangaji. Nikimaliza kazi nasugua mikono kwa sukari na mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya kufulia, kisha mswaki mkuukuu kwenye kucha. Na baada ya yote hayo, ukinifungua viganja bado utaona mistari myeusi kama nimechorwa kwa kalamu. Hiyo haitoki. Nimeisugua miaka nenda miaka rudi, imenishinda.

Basi binti yetu akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wetu wa kwanza. Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, likaja swali: mama yake akiwa kazini, mtoto atashinda kwa nani? Kwetu, au kwa mama mkwe wa binti? Huyo mama mkwe ni nesi mstaafu. Nyumba yake ina vigae vyeupe mpaka barazani, na ukikaa kwenye kochi lake unaogopa hata kupumua. Mimi nilimtaka yule mtoto. Nasema wazi, sina haya: nilimtaka mpaka nikawa namwota, nimempakata nyuma ya usukani, nawasha taa nazima, yeye anacheka. Lakini nilikuwa sijawahi kumbeba. Kila nikipewa nilikuwa nasema, "Bado mlaini huyu, akikomaa nitambeba." Ulaini gani! Nilikuwa naitazama ile shali yake nyeupe, naitazama mistari yangu, moyo unanywea.

Binti akatupigia simu. "Jumapili mchana tutakuja na mama mkwe. Aone kwenu, tuzungumze, tuamue."

Aone! Neno hilo lilinichoma kama spaki. Mke wangu akanigeukia na kijiko mkononi. "Mzee, Jumapili hiyo hakuna gari. Sitaki kusikia hata mlio wa spana. Na siku hiyo utambeba mjukuu wako, utake usitake."

Nikaapa. Jumamosi nilisukuma magari yote nje, nikaosha uani kwa sabuni, hata ule msumari wa ovaroli nikaufuta. Jumapili asubuhi nilioga mpaka ngozi ikalalamika, nikavaa shati jeupe. Sijawahi kuwa safi vile tangu siku niliyooa. Mke wangu akanizunguka akinikagua, akasema, "Kumbe una rangi," akaenda dukani kununua maziwa.

Hapo ndipo alipokuja Honi. Honi ni dereva wa teksi, jirani yetu, na jina kajipatia mwenyewe: mtu huyu hashuki kwenye gari, anapiga honi mpaka utoke nje umtukane. Nikatoka.

"Grisi, gari linavuja oili."

"Leo sifanyi kazi. Nina wageni. Nenda zako."

"Poa. Basi ngoja nilipeleke kwa yule fundi wa pale kona. Ameshachungulia. Amesema ile nati ya chini uliyofunga wewe ndiyo inayovuja."

Wee! Fundi wa kona! Mtu ambaye juzi tu alikuwa anauza betri za saa! Damu ikanipanda. Mtu mzima mwenye akili angesema nenda salama. Mimi nikasema, "Ingiza hapa."

Nilijua ni kazi ya muda mfupi. Nikavua shati, nikavaa ovaroli, nikatupa maboksi chini. Sabuni kwenye kucha sikuweka, kwa haraka. Glavu niliyoipata ilikuwa imechanika. Honi akasema anakwenda kwake kunywa chai, akaniacha na gari lake. Nikalala chini, nikalegeza nati, na oili yote ikanishuka mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, kwapani kidogo ingefika. Beseni lilikuwa upande mwingine. Nikaitazama ile nati. Washa yake, ile pete ya kuzibia oili, ilikuwa imekwisha. Ile ya zamani, niliyoirudisha mimi mwenyewe kwa uvivu wa kwenda kutafuta mpya. Fundi wa kona alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nimelala chini ya gari siku ya wageni kwa ajili ya kumbishia.

Nikiwa hapo chini nikasikia mlango wa mbele, na sauti ya mke wangu, kumbe amesharudi dukani, juu juu kama mtu aliyeshtukizwa. "Jamani, karibuni! Mbona mmewahi hivi! Karibuni ndani!"

Sukari ilikuwa jikoni, na jikoni kulikuwa na vishindo vya vikombe. Ningepita wapi, na mkono mweusi kama chungu? Chini ya benchi langu kuna kopo la petroli, la kuoshea vyuma. Fundi yeyote anajua: hakuna uchafu wa oili unaosimama mbele ya petroli. Mke wangu ameipiga marufuku kwenye mwili, inachubua ngozi. Lakini siku hiyo nilijimwagia kuanzia viwiko mpaka kucha, nikasugua, nikajimwagia tena. Na lo! Ilitoka yote. Hata ile mistari ya miaka yote ilififia. Nikasuuza kwa maji, nikavua ovaroli, nikavaa shati, nikaitazama mikono yangu juani. Ilikuwa mikono ya karani wa benki. Nikaingia sebuleni kifua mbele.

Walikuwa wamekaa watatu, mke wangu, binti yangu na mkwe wangu nesi, na mtoto katikati yao kama chifu. Nikasalimia, nikaketi kwenye kiti cha pembeni. Mkwe akainua pua kidogo, akatazama huku na huku kwa adabu.

"Samahani," akasema, "kuna kitu kinavuja? Labda tufungue dirisha."

Mke wangu akafungua dirisha. Nami nikainua mkono kujikuna kidevu, na hapo ndipo harufu ilinipiga. Ni mimi! Mimi ndiye ninayevuja. Nilikuwa nanuka kama pampu ya kituo cha mafuta. Uso ukanishuka. Na binti yangu alikuwa ameshasimama, anakuja na mtoto, anatabasamu mpaka masikioni.

"Baba, leo hatutoki mpaka umbebe. Amekomaa."

Mtoto alikuwa kifua wazi kwa sababu ya joto, ngozi yake ile ya miezi minne. Nikaitia mikono mfukoni, yote miwili. "Mpe bibi yake kwanza."

"Bibi ameshambeba."

"Nina mafua," nikasema.

Mkwe akatingisha kichwa. "Kama ni mafua, bora asimkaribie." Nilimshukuru na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Maneno yenyewe ni machache, mtoto mdogo angeyasema: mikono yangu ina petroli. Lakini niyaseme mbele ya nesi, mwanamke aliyekuja kuona kama nyumba ya Grisi inafaa kukaa mtoto? Nikajikaza kisabuni. Nikakaa pale nimejifungia mikono mfukoni kama mwizi wa mayai.

Binti akaketi tena na mtoto. Akanywa maziwa kidogo, akaniangalia, akaweka kikombe. Mke wangu alipokwenda jikoni, akafanya jambo: akamlaza mtoto kwenye kochi, akaniita, "Baba, njoo tu ukae karibu naye, nikamsaidie mama jikoni." Nikaenda nikakaa. Kumkatalia hilo nalo ningewezaje? Mtoto akajinyoosha, akageuza kichwa, akaanza kupapasa suruali yangu, pale pale mfukoni. Nikaruka. Nikasimama kwa kishindo, nikaenda dirishani nikampa mgongo. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni. Ameona yote.

"Basi, baba," akasema taratibu. Akamchukua mwanawe. Akamgeukia mkwe, akasema bila kunitazama, "Mama, mtoto atashinda kwako."

Mke wangu, aliyemfuata kutoka jikoni, akasema, "Lakini mwanangu, si tuli..."

"Nimeamua, mama. Baba, au unasemaje?"

Na mimi, mbishi wa mtaa mzima, nikatingisha kichwa kukubali. Walipoondoka sikuweza hata kuwapungia mkono.

Mke wangu alifunga mlango, akanijia, akanivuta mkono kutoka mfukoni, akanusa. Nilidhani atanifokea. Akakaa chini.

"Petroli," akasema. "Unajua mwanao aliniambia nini jikoni? Alikuwa ameshaamua zamani, ni kwetu. Alimleta mkwe ili amweleze kwa heshima, asije akaona amedharauliwa. Kasema anataka mwanawe akue anasikia injini uani kama alivyokua yeye. Halafu akatoka jikoni akakuta unamruka mtoto wake kama umekalia siafu. Anaamini humtaki, mzee. Akiaga ameninong'oneza huku analia, eti kumbe ulaini ulikuwa kisingizio."

Sijui kama umewahi kusikia aibu mpaka kwenye meno. Mimi nilisikia siku ile. Nikatoka nje kuchukua gari la Honi, nikakumbuka kwamba oili yake yote iko kwenye maboksi. Nikaanza kutembea.

"Nawa kwanza!" mke wangu akaniita.

"Leo nimenawa vya kutosha!"

Nilipanda mitaa ya juu nikijitukana kwa sauti, watu wakinipisha. Kwa mkwe nikavua viatu barazani, na soksi moja ilikuwa na tundu, kidole kikachungulia vile vigae. Mkwe akafungua mlango. Binti yangu alikuwa kwenye kochi na mtoto, macho mekundu. Sikusalimia. Nilisimama katikati ya sebule ile nyeupe, nikatoa mikono mfukoni, nikaisogeza mbele ya uso wake.

"Nusa."

Akanusa. "Petroli?"

"Nilikuwa na gari la Honi. Nimeapa na nimevunja kiapo, na kosa lenyewe la gari lilikuwa langu. Nikanawa kwa petroli ili mkwe asinione mchafu. Nikaogopa kumshika mtoto, nikaona haya kusema. Si kwamba simtaki. Mwanangu, mimi namtaka mpaka sijui nifanyeje."

"Na miezi yote hii?"

"Miezi yote hii ni weusi. Huu hapa, wa kwenye mistari."

Akafunika macho. Mkwe ndiye aliyenishika mkono, akaugeuza chini na juu, akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Mkwe," akasema, "mtu akishanawa kwa sabuni, kinachobaki hapa ni doa tu. Doa halimdhuru mtoto. Petroli ndiyo inayomdhuru. Ungekuja na weusi wako leo, mimi mwenyewe ningekukabidhi mtoto."

Alisema bila kunidhihaki hata kidogo, ndiyo maana iliniuma vile. Miezi minne nimemkimbia mtoto kwa kitu kisicho na madhara, na siku niliyojisafisha sana ndiyo siku niliyokuwa sifai kumshika. Nilitamani vile vigae vipasuke vinimeze, na tundu langu la soksi.

"Baba," binti akasema, "mimi nimelelewa na mikono hiyo. Ulidhani sijui inavyofanana? Ungesema tu, pale pale."

"Sasa nasema. Mrudishe kwetu."

Akamtazama mkwe, na mkwe akawa anakunja nepi ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Akasema polepole, "Nikisema sitaki kuwa naye nitakuwa mwongo, mkwe. Nyumba hii ni kimya tangu mzee wangu aondoke. Nilipoambiwa atashinda kwangu, nimefika tu nikatandika kitanda chake."

Binti akasema, "Nimeshampa mama neno, na wewe ulikuwepo ukakubali. Siwezi kumnyang'anya mlangoni kwake. Tutakuwa tunakuja kwenu, baba. Tutakuja."

Nikasema sawa. Hakuna mtu wa kugombana naye katika nyumba ile isipokuwa mimi.

"Lakini kaa," akasema, akanipisha kwenye lile kochi. "Usimguse."

"Simgusi."

Nikakaa kwenye ncha ya kochi, mikono nimeifunga mgongoni. Akamsogeza mwanawe karibu, nami nikainamisha kichwa, pua yangu mbali na nguo zake. Mtoto akanitazama kwa makini sana. Akanyoosha mkono, akanikamata sikio, akalivuta kwa nguvu zake zote.

"Anakuumiza, baba, ngoja nimtoe."

"Mwache avute," nikasema. "Nimestahili."