Folda Yenye Jina la Mama Mkwe

Msiniulize kwa nini nilikubali kufanya kazi ofisi moja na mama mkwe. Njaa haina adabu. Mimi ni Ochwo, mtu wa Iyolwa huko Tororo, fundi wa kompyuta, na kila asubuhi navuka mpaka kuingia Busia ya Kenya, kwenye ushirika wa akina mama wauza nafaka. Mhasibu wao ni Mama Maximilla, aliyemzaa mke wangu Winfred. Ng'ombe wa mahari nilishatoa, kwa hiyo heshima ni ile kamili: simpi mkono, sili naye, kiti alichokalia sikikalii. Akiingia kwa mlango huu, mimi natokea ule. Printa yake ikikwama, ujumbe unaletwa na Kevo, mtunza stoo, ambaye anaifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

"Mama watu anasema karatasi zimekwama," Kevo husema. "Uende uangalie, lakini usiangalie."

Mjinga huyo.

Wiki hii mtu alifuta hesabu ya mahindi ya msimu mzima. Hakukusudia. Seva yetu ilikuwa wazi kwa kila kompyuta ya ofisi, anayetaka asome, anayetaka afute. Mwenyekiti, Madam Patricia, akaniita akiwa amefura. "Ochwo, kila mtu aone chake tu. Leo leo!"

Tatizo ni kwamba akina mama hawa wana desturi yao ya stoo. Gunia ukiliandika jina lako kwa makaa, unaweza kuvuka ukalale matangani huko Dabani, urudi ulikute lilivyokuwa. Hakuna mkono utakaoligusa. Basi na kwenye seva walifanya vivyo hivyo: kila mmoja alifungua folda, akaiandika jina lake, akaamini ameifunga. Niliwaambia mpaka nikachoka kwamba jina si kufuli. Wakanicheka. "Kijana wa Tororo, kwani kwenu mnaibiana?"

Nikaanza kazi. Kuweka ruhusa si jambo gumu: unaichagua folda, unaondoa watu wote, unambakiza mwenyewe. Ukimaliza lazima ujaribu, uingie kwa jina la majaribio uone kama mlango unagoma. Folda ya Kate iligoma. Ya Phanuel ikagoma. Ya Mama Maximilla, kumbe badiliko nilikuwa sijalihifadhi, ikafunguka waa, na picha zikajipanga zenyewe kwenye kioo, kubwa kubwa.

Lilikuwa titi la mwanamke. Lina kidonda, ngozi imevutwa kwa ndani, na chini yake leso ya kijani ambayo mke wangu mwenyewe alimnunulia mama yake soko la Tororo.

Nilifumba macho kwanza, ndipo nikakumbuka kuzima kioo. Jamani! Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo. Kwetu ukiona uchi wa mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, wazee wanaitwa, kondoo anatolewa, na kila msiba utakaokwenda habari imeshakutangulia. Niliona aibu mpaka nikamchukia yule mama. Kwa nini aweke kitu kama kile pale? Halafu nikajijibu mwenyewe. Simu ya Mama, Winfred huiazima kila anapomtembelea. Alikuwa anamficha mwanawe, akazihamishia picha mahali palipoandikwa jina lake.

Na kile kidonda nakijua. Mama yangu mdogo wa Kiyeyi alikuwa nacho, akakiita jipu mpaka siku tuliyomzika. Nikinyamaza, huyu naye anakwenda njia hiyo hiyo. Nikisema, nitasema nimekionea wapi?

Nikamfuata Kevo stoo, nikijifanya nauliza mambo ya kazi. "Ile folda ya Mama, kuna mtu huwa anaingia?"

Akaangalia chini. Kevo, ambaye hajui kunyamaza. "Zile picha? Msee, sisi wote tumeziona. Tangu Pasaka."

"Wote nani?"

"Wote. Hata Madam."

"Na hamkumwambia kitu?"

"Sasa utamwanzaje mama wa watu? Ni aibu."

Nilimkamata shati. Sijawahi kumkamata mtu shati maishani mwangu. Wanawake wanaomwita dada, wanaosali naye Jumapili, wanaomsogezea kikombe cha chai kila saa nne, wameona mwenzao anaoza wakakaa kimya, eti adabu! Adabu gani hiyo? Halafu mkono wangu ukalegea, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka nyuma ya choo, na kule sikuwa nikitafuta dawa, nilikuwa nikitafuta namna ya kunyamaza.

Nikarudi nikaifunga ile folda sawasawa. Nikajiondoa hata mimi mwenye funguo zote. Kisha nikaenda mpaka mlangoni kwa Mama Maximilla, nikasimama nimempa mgongo.

"Mama, nisamehe. Ni Ochwo. Folda yako nimeifunga, hakuna atakayeifungua tena. Lakini kabla ya kufunga, nimeona."

Nilisikia kiti kikisogea. Kalamu ikaanguka chini na hakuiokota.

"Umeona nini?"

"Kidonda. Mama, hicho si jipu. Leo hii Winfred lazima ajue, akupeleke hospitali. Kondoo nitatoa. Wazee waje, wanitukane watakavyo, lakini wewe uende."



"Nani mwingine ameona?"

Niliwafikiria wote, Kate, Phanuel, Madam, kila mmoja kwenye meza yake. Akitoka hospitali angerudi kwa watu hawa hawa. Angekunywa nao chai.

"Hakuna," nikasema. "Ni mimi tu."

Hapo ndipo alipolia. Hakujizuia hata kidogo, alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na mimi nimesimama pale nataka ardhi inimeze.

"Ee Mungu wangu," akasema, "heri wangeona wote, asione huyu."

Sikugeuka. Ofisi zetu hazina dari, na milango ilikuwa wazi, kwa hiyo wote walisikia. Nilingoja atokee hata mmoja aseme, "Dada, na mimi niliona." Hakuna kiti kilichosogea. Nikatoa simu nikampigia mke wangu.