Mdomo wa Munguti

Saiba ya Muthoki iko Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo. Ina kompyuta tano, mashine moja ya kutoa kopi, na viti ambavyo havifanani hata viwili. Wateja wanaomlipia kodi ni wanafunzi wa vyuo, wale wa jioni, wenye kazi na watoto na wasio na muda wa kusaka makala za wataalamu. Muthoki aliishia kidato cha nne, lakini kusaka anajua.

Jumatatu moja asubuhi, Wasike, muuguzi anayesomea shahada ya pili, alivuta kiti akaketi kando yake.

"Dada Muthoki, supavaiza amenirudishia kazi tena. Anasema marejeo yangu ni ya zamani kama Agano la Kale."

"Si nilikuambia."

"Uliniambia, sikatai. Sasa nitafutie upya. Maji ya visima na meno ya watoto, hapa Kajiado. Chuo kimetupatia mtambo mpya wa kutafuta, ingia na jina langu."

Mtambo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Unauuliza swali zima, kama unavyomuuliza mtu, nao unapekua majarida, tasnifu na hata picha zilizo ndani ya tasnifu, kisha unakujibu. Muthoki aliandika swali la Wasike. Zikaja makala kumi na mbili, na chini yake safu ya picha. Ya tatu ilikuwa mdomo wa mtoto.

Mdomo tu, kuanzia chini ya pua hadi kidevuni. Meno yalikuwa na madoa ya kahawia, kama ya watoto wote walionyweshwa maji ya visima vya Kajiado, yenye floraidi nyingi. La mbele upande wa kushoto lilikuwa limevunjika nusu, na juu ya mdomo kulikuwa na kovu dogo jembamba. Chini yake waliandika: Mvulana, miaka 11, Mashuuru, 2006.

Muthoki aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Unalia kwa sababu ya meno ya mtu?" Wasike akauliza, nusu akicheka.

"Ni ndugu yangu."

Wasike hakucheka tena.

Kovu lile Munguti alilipata siku punda wa maji alipomwangusha, na jino likaenda siku hiyo hiyo. Shuleni walimwita Kutu. Tangu hapo akawa anacheka na mkono mdomoni, na mbele ya kamera alifunga midomo kabisa. Alikufa mwaka jana mwezi wa Februari, lori lilipoigonga pikipiki aliyokuwa amepanda karibu na Isinya. Kwenye ratiba ya mazishi waliweka picha ya kitambulisho. Kavata, mama yao, aliitazama akasema, "Huyu ni askari. Mtoto wangu alikuwa anacheka."

Sasa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa imebaki wiki mbili, na Kavata alikuwa ameomba kitu kimoja tu: picha ya Munguti akicheka. Muthoki alikuwa ameuliza rafiki wote wa Munguti, hata wale wa machimboni alikofanya kazi. Hakuna aliyekuwa nayo. Na katika picha hii, pembe ya mdomo ilikuwa imepanda upande mmoja. Daktari aliyepiga lazima alimwambia jambo la kuchekesha. Mahali fulani kulikuwa na picha nzima, yenye macho.

Wasike alimwandikia mtafiti aliyepiga picha ile, kwa jina la Muthoki. Jibu lilikuja Alhamisi, la mzee mstaafu, lenye adabu na pole nyingi. Alisema walikata picha ibaki mdomo tu, na sehemu ya uso ikaharibiwa, kwa kuwa ndivyo familia ilivyoagiza. Kama familia ingependa, hata hicho kipande kingeondolewa kwenye hifadhi ya chuo. Alikuwa ameambatisha fomu ya idhini.

Muthoki aliifungua. Kulikuwa na alama ya dole gumba la mama yake, ya bluu, imepinda. Kulikuwa na swali: Je, mnakubali picha ya uso wa mtoto ihifadhiwe? Na jibu, kwa kalamu ya msichana wa kidato cha tatu aliyejivunia mwandiko wake: Hapana.

Aliikumbuka siku hiyo mezani. Mama hakujua kusoma, yeye ndiye aliyekuwa akijaza. Munguti alikuwa amemkanyaga mguu chini ya meza na kumnong'oneza: andika hapana, Muthoki, watanicheka mpaka Nairobi. Akaandika. Mama hata hakusomewa swali hilo.

Jumamosi alienda nyumbani Mashuuru. Kavata alikuwa akipepeta pojo.

"Umeipata?"

"Mwaitu, mama yangu, niko na mdomo peke yake." Akamweleza yote, pamoja na fomu, pamoja na mguu chini ya meza. Akampa simu.

Kavata hakuichukua. Aliendelea kupepeta.

"Alikuambia uandike hapana?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Alikuwa na miaka kumi na moja, akajua anachotaka. Mimi ni nani nimfungue mdomo sasa? Waambie watoe. Tutaweka ile ya askari."

"Lakini ulitaka kumwona akicheka."

"Nilitaka," Kavata akasema.

Jumatatu Muthoki aliandika mistari miwili akaituma kabla hajajionea huruma. Mzee alijibu saa ile ile: imeondolewa. Aliingia kwenye hifadhi ya chuo akahakikisha. Mahali pa picha palikuwa peupe. Kwenye simu yake pia alikuwa ameifuta.

Kisha, kwa kutaka tu kujua, aliuliza mtambo swali lile lile la Wasike. Picha ikaja, tena sasa ya kwanza. Mtambo ulikuwa umejiwekea nakala yake, na kwa jinsi alivyoifungua mara nyingi wiki ile, uliona ni muhimu. Muthoki alitafuta mahali pa kuwaandikia wenye mtambo. Palikuwa na kijisanduku cha kuuliza, na alipoandika kwamba picha iondolewe, kilimshukuru na kumletea makala tisa kuhusu kuondoa madoa ya meno.

"Hao hawana ofisi," Wasike akamwambia. "Utaongea na nani?"

Muthoki hakuongea na mtu. Ibada ilifanyika, askari akakaa juu ya meza ya maua, na Kavata akamuuliza kama ile nyingine imetoka. Muthoki akasema imetoka.

Kila asubuhi sasa, kabla hajafungulia wateja mlango, anawasha kompyuta ya kwanza na kuandika swali. Anajiambia anaangalia kama imetoka. Mdomo unakuja, umefunguka, na hakuna mkono wa kuuziba. Anautazama mpaka asikie hatua za mtu ngazini.